Mwaka Niliokuwa Mdogo wa Bwana Athumani

Simu ilinikuta Utange, nimekaa mbele ya chumba ninachokodi, nachambua mchele. Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ngeni kwangu, na ilianza na shikamoo. Nikaitikia marahaba. Akasema, "Baba mdogo, mama amefariki." Nikamwambia amekosea namba, kwamba mimi sina ndugu, seuze mtoto wa ndugu. Akaendelea polepole kama mtu anayemsomea mwingine barua: "Mama yangu ni Umazi binti Mangale. Baba yangu alikuwa Bwana Athumani, mtu wa ngozi, wa Changamwe. Mimi ni Mishi. Nimekutafuta miaka miwili, tangu mama alipoanza kuugua. Wazee wasema kaburi halifunikwi mpaka upande wa mume utupe udongo, na upande wa mume umebaki wewe peke yako." Nilikaa na ungo mapajani. Sikuwahi kumwona Mishi. Nilipoondoka kwao alikuwa bado tumboni. Na Bwana Athumani, Mungu amrehemu, hakuwa ndugu yangu kwa baba wala kwa mama. Nilitaka kumwambia hivyo, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini nilijisikia nikiuliza, "Mnazika lini, mwanangu?"

Habari za nilikozaliwa na walionizaa nitaziruka, maana hazihusiki na mwaka huu ninaousimulia. Inatosha kusema kwamba shule niliiacha darasa la sita. Wengine huacha kwa karo. Mimi niliacha kwa sababu nilikalishwa karibu na dirisha. Nilipofika miaka ishirini na mitatu nilikuwa nimechonga mawe Bamburi, nimebanja korosho, nimepaka rangi mahoteli, nimeuza maji kivukoni Likoni, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeielewa. Changamwe nilifika kwa kupita tu. Nje ya banda moja la mabati, ng'ambo ya reli, niliona ngozi za ng'ombe zimewambwa kwenye fremu za miti, zimesimama safu kama milango isiyokuwa na nyumba. Moja ilikuwa na tundu katikati, duara safi kama lililokatwa kwa kikombe. Nikaingia kuuliza lile tundu limetoka wapi. Nilikaa mwaka mzima.

Aliyenijibu alikuwa mtu mwembamba, kanzu imepigwa pasi, kofia ya kazi ya mkono, na viganja vilivyopasuka kwa chumvi mpaka vikafanana na zile ngozi zenyewe. "Hapo palikuwa na jipu," akasema, "na mwenye ng'ombe alilitibu kwa chuma cha moto. Aliponya ng'ombe, akaua ngozi." Kisha akanishika mkono, akanipitisha kwenye safu nzima. Huyu alikufa kwa kiu, tazama alivyosinyaa mgongoni. Huyu alikuwa na kupe. Huyu alichunwa na mtu mwenye hasira, kisu kimeruka mara tatu. Nilimwuliza yule wa mwisho ni nani. "Mkwe wa Mzee Mangale," akasema, "siku aliyogombana na mkewe." Akacheka peke yake. Sijapata kusikia mtu akisoma kitabu vile, nami vitabu nilivikimbia. Siku hiyohiyo nilishika koleo la chumvi.

Ngozi zilitoka kwa Waduruma, nyuma ya Mazeras, kwenye nchi kavu ya miiba na ng'ombe. Bwana Athumani alikuwa mtu wa Timbwani, Likoni, wa ukoo wa zamani wa Mvita, na Kiduruma kilimkaa ulimini kuliko mtu yeyote wa pwani niliyewahi kumsikia. Tukifika kwenye mji wa watu hakuitaja ngozi. Alikaa juu ya kigoda, akatoa tumbaku ya kunusa, akauliza habari za wazee, za watoto, za mvua, kisha za ng'ombe mmoja mmoja kwa jina. Salamu zenyewe zilimaliza saa nzima, nami jua likinichoma kisogo. Mzee Mangale, aliyekuwa mkubwa wa mji ule, alimjibu yote bila haraka. Walipomaliza ndipo ngozi zilipotoka, zimekunjwa, kana kwamba ni jambo dogo lililokumbukwa wakati wa kuagana. Wao nao walimtania. "Huyu mtu wa pwani," alisema Mangale mbele yake, "hunuka ng'ombe kuliko sisi, na hana hata ndama." Bwana Athumani akajibu, "Ninyi mwafuga nyama, mimi nafuga mashati yake." Wakacheka wote mpaka wakakohoa.

Lakini nilimsikia pia akiwa Likoni. Alinituma siku moja nyumbani kwake Timbwani nichukue miwani, nami nikasubiri barazani huku yeye na rafiki yake wakizungumza ndani, mlango wazi. Rafiki akasema, "Utaacha lini kushinda na watu wa porini?" Nikangoja jibu. Bwana Athumani akasema, "Watu wa porini ndio watu wa ngozi. Wangekaa mjini ningewafuata mjini." Hakucheka wala hakukasirika. Nilirudi Changamwe na ile miwani mfukoni nikijiuliza ni jibu la namna gani lile. Je, aliwatetea? Aliwauza? Mpaka leo, nikilikumbuka, siku moja naliona jibu la rafiki, siku ya pili naliona la mchuuzi, na sijui kwa nini lazima liwe moja.

Kisha akatokea mnunuzi mwingine, mtu wa bara mwenye lori kubwa. Huyu hakushuka. Alipiga honi njia panda, watu wakaleta ngozi, akazitupa juu, akaondoka. Hakujua jina la ng'ombe hata mmoja, lakini hakuchelewesha mtu. Vijana wa kule wakampenda. Miezi miwili banda letu likawa na fremu tupu.  Ndipo mchana mmoja, tukila mihogo ya nazi na papa mkavu juu ya gunia la chumvi, Bwana Athumani akaniuliza bila kuinua macho: "Wewe wanywa tembo?"

Nikasema nakunywa, nikaomba radhi.

"Usiombe radhi. Wanywa na kuanguka, au wanywa na kukaa?"

"Nakunywa na kukaa, Bwana."

"Vizuri. Nataka kumposa binti wa Mzee Mangale. Umazi. Yule mwenye kucheka kwa pua." Akamega mhogo. "Kwao mtu haposi peke yake kama mwizi. Huja na ndugu, na ndugu huyo hunywa kibuyu pamoja na wazee. Asiyekunywa hakusema kitu. Mimi siwezi kukinywa, Mungu aniepushe, na ndugu zangu wa Timbwani hawawezi, wala sitaki wajue. Basi utakuwa mdogo wangu."

Nikacheka. Nilidhani mzaha. "Na wakiniuliza mbona ndugu wa Muislamu anakunywa?"

"Tutawaambia umeharibika," akasema. "Kila nyumba ina mmoja. Hilo watalielewa."

Nimejiuliza sana kama alimwoa Umazi ili ngozi zisipande lile lori. Ukweli ni kwamba mkwe hapitwi mlangoni, na alilijua hilo. Lakini ukweli pia ni kwamba alimjua kwa kicheko chake, na kwamba alipolitaja jina lake alimega mhogo uleule mara tatu bila kuula. Mimi nilikubali kwa sababu moja tu. Sikuwahi kuposa wala kuposewa, nikataka kuona inafanywaje.

Ilifanywa asubuhi, chini ya upenu wa nyumba ya Mangale, wazee wanne upande wao, sisi wawili upande wetu. Katikati kiliwekwa kibuyu kikubwa wanachokiita kadzama, kimejaa tembo, povu mdomoni. Bwana Athumani akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Ameharibika, anakunywa." Mangale akanitazama kutoka vidoleni mpaka utosini. "Kila mji una wake," akasema, na wazee wakatikisa kichwa kwa huruma, wakimtazama Bwana Athumani na si mimi. Nikapewa kata. Mangale akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti isiyokuwa na utani: "Wewe mdogo mtu, ukinywa hiki umeyashuhudia maneno ya mkubwa wako. Akiwepo, ni yake. Asipokuwepo, ni yako. Wakubali?" Tembo lilikuwa tamu, la alfajiri ileile. Nikasema nakubali, nikanywa, nikaona kazi yangu imekwisha. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani nimekodishwa kwa asubuhi moja, kama mtu anavyokodishwa kubeba kabati.

Umazi alishuka Changamwe mwezi uleule, akakaa katika chumba cha nyuma ya banda. Kilikuwa chumba cha dirisha moja, kitanda cha kamba, mafiga matatu nje ya mlango, na harufu ya ngozi ambayo watu wote waliilalamikia isipokuwa yeye. "Yanikumbusha nyumbani," alisema, "isipokuwa huku ng'ombe wamenyamaza." Alinipita umri kidogo, mrefu, mwenye kupika huku akizungumza na chungu. Mimi niliitwa mulamu, yaani shemeji, tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa shemeji hutaniana, alinitania bila kupumzika. Nikichelewa kula alisema, "Mulamu ameharibika leo zaidi ya jana." Nikiuliza maswali, na mimi huuliza, alisema, "Mkubwa wako anasoma ngozi, wewe wasoma watu. Nani atakula?" Tulikula sima na mboga ya mchunga, au kunde, na siku ngozi zilipoletwa tulikula nyama. Nilikula pale kila siku. Kabla ya hapo sikumbuki kula mahali pamoja wiki nzima.

Tatizo lilianza siku aliponiuliza habari za mama yetu. Alikuwa akipepeta mahindi, Bwana Athumani yuko ndani akinoa kisu. "Mulamu, mama yenu alikuwaje? Mkubwa wako nikimwuliza hujibu, 'Alikuwa mtu mzuri.' Kila maiti ni mtu mzuri." Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa, na kwamba alikuwa akituita tule kwa kugonga sinia. Kisu ndani kikanyamaza. Nikajua nimepita mpaka, nikangoja kukemewa. Kisha sauti ya Bwana Athumani ikatoka mlangoni, taratibu: "Mwambie na pweza. Asahau kila kitu, lakini pweza asikose Ijumaa." Akarudi kunoa. Tangu siku hiyo kila Umazi alipouliza, mimi nilitaja kimoja na Bwana Athumani akataja kingine, mpaka mama yetu akawa na jino la dhahabu, woga wa radi, na wimbo wa kubembeleza ambao Bwana Athumani aliuimba nusu akaona haya. Ya kwangu niliyatunga. Ya kwake sikuwahi kumwuliza. Kulikuwa na nyakati, nikiwamba ngozi, nilijikuta namkumbuka mwanamke huyo kwa uchungu.

Ramadhani ilipoingia Bwana Athumani alikwenda kufunga kwake Timbwani, kama alivyozoea. Umazi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alimwachia unga, akamwambia atarudi kumtazama kila Jumatatu. Jumatatu mbili alikuja. Ya tatu hakuja. Jumatano yake, aliyeleta habari alikuwa muuza chumvi, aliyedhani tunajua. "Poleni na msiba," akasema, huku akishusha magunia. Bwana Athumani alianguka bafuni Jumapili asubuhi, akazikwa alasiri. Ndiyo desturi yao, maiti hangoji. Nilimtazama Umazi. Alikuwa ameshika mwiko. Akamaliza kusonga ile sima, akaipakua, akaifunika, ndipo akakaa chini.

Siku iliyofuata Mzee Mangale alifika na wazee wenzake watatu na mbuzi. Hawakumwendea Umazi kwanza, walikuja kwangu. Mangale akanishika mabega, akalia machozi ya kweli, akasema, "Ndugu yako, ndugu yako." Nami nikalia. Sikuigiza. Kisha akasema, "Tupeleke kwenu tukahani. Wakwe wasipokuja matangani, binti wetu alikuwa nani?"

Hapo ndipo niliposhikwa. Kwetu kulikuwa wapi? Nikiwapeleka Timbwani, mtu mmoja tu aniulize mimi ni nani, yote yatamwagika. Hapana ndugu, hapana posa, hapana ndoa. Nisipowapeleka, wataondoka wakijua binti yao aliwekwa tu nyuma ya banda. Nikamwita Umazi kando, penye fremu, nimwambie ukweli. Nilianza, "Shemeji, mimi na Bwana Athumani..." Akanikata.

"Najua. Tangu siku ya kwanza."

"Alikwambia?"

"Nani aniambie? Wewe ulimwambia, 'Naomba chumvi, tafadhali.' Mtu na nduguye hawaombani chumvi kwa adabu namna ile." Alikuwa akiondoa kigingi kimoja fremuni, akakirudisha. "Ukisema ukweli wako leo, mimi nilikuwa hawara, na huyu aliye tumboni ni wa kuokotwa. Kwa hiyo wewe ni ndugu. Vaa kanzu."

Nilivaa kanzu ya Bwana Athumani. Tulivuka kivuko na yule mbuzi. Timbwani watu walikuwa wamejaa uani, khitma imesomwa, adhana ya magharibi imelia, sinia za pilau zinapita kwa waliofunga na kwa wageni wasiofunga. Bi Zena, mke wa kwanza wa Bwana Athumani na sasa mjane wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alitokeza mlangoni akatutazama sote, kisha Umazi, kisha mbuzi.  Akawaambia vijana, "Watu wa ngozi hao. Wapisheni, wakae mbele." Wakatupisha. Umazi akaingia kwa wanawake. Sisi tukakalishwa kwenye mkeka mpya, tukanawishwa mikono. Mzee mmoja wa pale akaniuliza, wakwe wangu wakisikia, "Na wewe kijana ni wa nani?" Nikasema, "Mimi ni wa Bwana Athumani." Akasema, "Mungu amrehemu, alikuwa na watu wengi," akageukia mwingine. Basi. Hakuna aliyeuliza tena. Mangale na wenzake walirudi wakisifu walivyopokelewa kama wakwe. Pale Timbwani nadhani walibaki wakisema wachunaji wa ngozi walikuja kuhani, watu wa adabu. Katika wote walioketi pale, mimi peke yangu nilijua kwamba hakuna neno lililosemwa.

Au labda lilisemwa, ila si kwetu. Njiani nilimwuliza Umazi, "Bi Zena alikwambia nini?"

"Aliniuliza mimba ina miezi mingapi."

"Ukamjibu?"

"Nikamjibu."

"Halafu?"

"Akanipa ndimu." Akafunua mkono. Zilikuwa tatu.

Baada ya siku arobaini wazee waliniita. Umazi alikuwa amekwisha kurudi kwao nyuma ya Mazeras, banda limefungwa na wenyewe wa Likoni, nami nilikuwa nikilala kwenye ghala la mahindi la Mangale na kula kwa Umazi, kama zamani. Nilijua wanachoniitia. Mdogo mtu huulizwa juu ya mke wa ndugu aliyekufa. Amrithi, akae naye kama mke, au amwachilie. Asubuhi ile nilimkuta Umazi akimenya mihogo, tumbo limekuwa kubwa, miguu ameinyosha.

"Leo wataniuliza," nikasema.

"Wataulizaje na wewe si ndugu?" Akacheka kwa pua. Kisha akaacha kucheka. "La kwanza nililokuomba umelifanya. Mwanangu ana kwao."

"Na hili la pili?"

Alimenya mhogo mzima kabla ya kujibu. "La pili si langu kukuomba."

Nimezungusha maneno haya kichwani tangu nikiwa na nywele nyeusi. Pengine alikuwa akisema, sikutaki, ila adabu inanizuia. Pengine alikuwa akisema, nakutaka, ila mwanamke haombi. Au labda alisema tu kilichokuwa kweli, kwamba halikuwa lake. Nilichokijua upande wangu kilikuwa wazi, na ndicho kilichonitisha. Nilitaka kukaa. Nilitaka ule mkeka, ile sima, ule utani, na yeye. Lakini ningevipata vyote kwa jina la mtu niliyemwazima, na kumrithi mke wa ndugu ambaye hakuwa ndugu ni kitu gani? Kuoa, au kuiba? Nikifikiri hivyo, fikra nyingine ikaniambia: hujapata kukaa mahali mwaka mzima, sasa mwaka umetimia, miguu inakuwasha, unatafuta heshima ya kuondokea. Zote mbili zilisema kwa sauti yangu.

Wazee walikaa chini ya upenu uleule. Mangale akasema, "Mdogo mtu, mkubwa wako hayupo. Maneno yake ni yako. Sema." Umazi alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vikombe, hakunitazama. Nikasikia sauti yangu ikisema, imenyooka, kama ya mtu aliyezaliwa na ndugu kumi: "Mtoto ni wa ndugu yangu, abebe jina lake. Shemeji yangu namwachilia. Akae kwao, akiolewa aolewe, hana deni nasi." Mangale aliitikia kwa kichwa taratibu. "Umesema kama mtu," akasema. Umazi akaweka vikombe chini, kimoja kimoja, akasema, "Ahsante, mulamu," na kuingia ndani. Nilisikiliza kama atacheka, kama atalia. Nilisikia chungu kikiinuliwa kifuniko.

Sikujua kwamba aliyeachilia halali tena kwenye mji ule, wala hali jikoni kwa aliyeachiliwa. Mangale ndiye aliyenieleza, kwa upole, akishangaa kwamba sijui, kisha akakumbuka kwamba nimeharibika. Jioni haikunikuta pale. Nilikuwa nimesema neno la ndugu wa kweli kiasi kwamba nilifukuzwa kama ndugu wa kweli. Nikateremka kwa miguu mpaka barabara kuu, na kutoka hapo nikaenda nilikokwenda. Malindi, Voi, Tanga, kazi hii na ile. Sikurudi.

Nimerudi mwezi uliopita, kwa sababu ya simu. Mishi alinipokea njiani. Ni mwembamba, ana vidole virefu, na alinishika mkono akanipitisha kwa watu mmoja mmoja, akiwaeleza kila mtu ni nani. "Huyu ni baba mdogo," alisema, na watu wakainuka. Mangale alikufa zamani. Walikuwapo wazee wengine, wadogo kuliko mimi. Kaburini mmoja wao akauliza kwa sauti, "Upande wa mume upo?" Nilikuwa bado nimelibeba lile neno la kwamba wamekosea mtu. Nikalimeza. Nikasema, "Upo." Nikainama, nikachota konzi ya udongo, nikaitupa kwa ajili ya ndugu yangu Athumani, na mwenye sepetu akainua sepetu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuinama tena. Nilisimama na konzi ya pili mkononi, watu wote wakingoja, nami sikujua inatupwa kwa jina la nani. Mishi akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie:

"Na hiyo ni ya nani, baba mdogo?"